Miguu ya Clara

Dorothea, anayeishi mji wa Euless, ni mwepesi wa kuhukumu, na anajijua. Alilelewa Musoma katika kanisa la Mennonite, na kule huikaribii Meza ya Bwana kabla hujapiga magoti ukamtawadha mwenzako miguu. Ukimnyima mtu miguu yako, umemnyima udugu.

Mdogo wake, Clara, anaishi mtaa wa Sharpstown, jijini Houston. Huko alijiunga na Wapentekoste, wakamzamisha kwenye bwawa la kuogelea la pale kwenye fleti anakoishi, ingawa Musoma alikwisha kubatizwa kwa kumiminiwa maji kichwani. Pasaka iliyofuata alikuja Euless, akapiga magoti kanisani na beseni mbele ya dada yake. Dorothea akairudisha miguu chini ya kiti.

"Ubatizo ni mmoja," akasema, kanisa zima likisikia. "Wewe umeutukana wa kwanza."

Clara alinyanyuka na taulo lake kavu, akaondoka. Baadaye alipiga simu, akapiga tena. Dorothea hakupokea hata moja. Hasira hasara, lakini nani angethubutu kumwambia?

Miaka ikapita. Mwezi uliopita alikuwa akiwafundisha vijana habari za mababu wa kanisa lao, zama za mageuzi kule Ulaya: watu wazima waliobatizwa upya, wakafungwa, wakachomwa moto, wakazamishwa mtoni na Wakristo wenzao.

"Auntie, but why?" akauliza binti mmoja, Immaculate. "Wao si walikuwa Wakristo pia?"

"Waliowaua walisema ubatizo ni mmoja, na hawa wameutukana wa..."

Aliona aibu mbele ya watoto wale, akafunga somo kabla ya wakati.

Jumamosi akaendesha gari hadi Houston, beseni na taulo jipya kwenye buti. Clara alimfungulia mlango akiwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mapajani, amekonda. Dorothea hakungoja hata salamu. Alijaza maji ya vuguvugu, akapiga magoti.

"Mdogo wangu, nisamehe. Nime-drive kuja kukutawadha. Nipe miguu."

Clara alicheka kidogo, kicheko kilekile cha Musoma, kisha akaliondoa blanketi.

"Umechelewa, dada. Sukari imekula mmoja. Nilikupigia siku walipokuwa wanaukata."

Dorothea akaukumbatia uliobaki, akalia kwa sauti.

"Basi osha huo," Clara akasema. "Maji yanapoa."