Mashine yetu ya kupura mtama iligomewa kwa sababu ilikuwa nyepesi mno

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa kwa umri huu wangu sijui kama humu mmebaki wangapi.

Nimekuwa nasoma nyuzi za vijana mnaolia kuhusu startup za vifaa. Mara vipuri vimekwama bandarini, mara prototype inafanya kazi vizuri mezani halafu ikifika kwa mteja inakufa. Nasoma nacheka peke yangu mpaka mke wangu anauliza kulikoni.

Sisi tulilia kilio hicho hicho enzi za vijiji vya ujamaa, huku Singida. Tena bila bandari wala meza.

Nilichoandika hapa nimekiona kwa macho yangu. Asiyeamini aruke uzi, hatutagombana.

Twende.

Kijiji chetu kilikuwa pande za Ilongero. Mimi nilikuwa kijana, nimeoa juzi juzi, seremala wa milango na vitanda. Mwenzangu alikuwa kaka Hamisi, mkubwa kwangu, aliyewahi kufanya kazi ya reli kule Itigi mpaka chuma kikamwangukia mguuni. Alirudi nyumbani anachechemea.

Sasa, wakati ule ilikuwa lazima kila mtu alime shamba la kijiji. Kwa kaka Hamisi jembe lilikuwa adhabu. Akilima asubuhi, jioni mguu umevimba mpaka kiatu hakiingii. Na watu hawana huruma jamani, walikuwa wanamcheka wazi wazi.

"Mdogo wangu," aliniambia siku moja, "shambani mimi ni mzigo. Nipe chuma uone."

Maneno yale yaliniuma. Ndipo tukaenda kwa Mwenyekiti wa kijiji kumwambia tutatengeneza mashine ya kupura mtama.

Mwenyekiti alikuwa pande la mtu, mwenye kujisifia nguvu zake kila mkutano. Akatusikiliza, akatupa banda la karakana na kututoa kwenye zamu za jembe. Lakini akaweka sharti mbele ya watu.

"Ndugu zangu, mavuno haya mtama wa kijiji upurwe na mashine yenu. Usipopurwa, wote wawili mnarudi shambani na banda nafugia mbuzi."

Mimi ningerudi shambani nikanung'unika tu. Kaka Hamisi angeumia.

Tukaanza. Pipa tupu la mafuta ya taa tukalitoboa, tukapigilia vipande vya nondo pande zote. Tukalilaza ndani ya sanduku la mbao, tukapitisha shafti katikati na mkono wa kuzungushia kila upande. Unatia masuke juu, pipa linazunguka, punje zinadondoka chini kwenye mkeka.

Kwenye karatasi ilikuwa safi. Shida ikaanza kwenye vitu vidogo, kama kawaida ya hardware.

Beringi hatukuwa nazo. Nikachonga magogo, tukatoboa matundu, shafti ikakaa humo. Grisi nayo hakuna, tukapaka mafuta ya ng'ombe. Basi asubuhi tunakuta mbwa wa kijiji kizima wamekuja kulamba shafti! Tunapaka, wanalamba. Kaka Hamisi akawa anawarushia mawe huku anatukana kwa Kinyaturu, mimi mbavu sina.

Halafu jua la Singida likakausha mbao. Sanduku nililolibana vizuri likaachia mianya, punje zikawa zinatokea ubavuni. Nikalifungua, nikalibana upya.

Version one ikatoka hivyo hivyo. Ilikuwa nzito ajabu. Watu wawili huku, wawili kule, na inapiga kelele kama nguruwe anayechinjwa. Lakini inapura!

Na watu waliipenda sana. Walikuja na masuke, wanapokezana mikono, wanaimba, vijana wanaoneshana misuli mbele ya mabinti. Pembeni Mama Zainabu, mpishi mkuu wa pombe ya mtama pale kijijini, anawagawia waliotoka kuzungusha.

Sisi mafundi tulikuwa tunaona aibu. Mashine gani hiyo inayotoa watu jasho?

Mtama wa kijiji wenyewe ulikuwa bado shambani. Kaka Hamisi akasema hapana, hatuwezi kukabidhi takataka. Akapanda lori mpaka Manyoni, akadandia treni hadi Itigi kwa marafiki zake wa zamani, akarudi na beringi kutoka kwenye chuma chakavu. Alizifunga ndani ya shati kama mtu aliyebeba mayai.

Hapo tena shida nyingine. Beringi ni duara kamili, shafti yetu ilikuwa duara ya kukisia. Tukakaa na tupa, tunakwangua, tunajaribu, haiingii. Tunakwangua, sasa inacheza. Tukaweka kipande cha bati. Ilipokaa, kaka Hamisi alisukuma mkono kwa kidole kimoja tu, pipa likazunguka kimyaaa.

Wakuu, yule mtu alilia. Mimi pia.

Tukatangaza. Bibi mmoja mzee akaitwa azungushe, akazungusha kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshika ugoro. Watu wakatazama, wakasema "haya", wakaondoka.

Kesho yake hakuja mtu. Keshokutwa hakuna. Tunachungulia nje, tunawaona wanapita na masuke kichwani kwenda kupura kwa fimbo! Kwa fimbo, na mashine ipo!

Nilipandwa na hasira, nikasema tumerogwa. Mwenyekiti akapita, akatazama banda lilivyo kimya.

"Majembe yenu nimeshayanoa," akasema, akaendelea na safari yake.

Kaka Hamisi alikaa chini akaanza kukanda mguu wake.

Nikamfuata Mama Zainabu. Nikamwamkia, nikamuuliza mama, tumewakosea nini watu?

Akanitazama kama ananionea huruma. "Mwanangu, wewe umekulia hapa hapa. Kupura tunaalikana. Mtu anakuja kwa jirani, anatoa jasho, anapewa pombe, anacheka, kesho naye anaalika. Sasa mashine yenu inazungushwa na bibi mmoja na ugoro wake. Nimwite nani? Na mtu anywe pombe yangu kwa kazi ipi? Hata aibu hana?"

Jambo nalijua tangu utotoni, nimelinywa kabisa, lakini kwenye kuchora mashine halikunijia hata kidogo.

Nikarudi mbio kwa kaka Hamisi. Nikamwambia tung'oe beringi. Akakataa katakata, akasema afadhali nimng'oe meno.

Tukabishana, tukanuniana, mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyepata jibu. Beringi zibaki, lakini tufunge breki. Kipande cha mbao ya mninga kinachobana shafti, kinakazwa kwa skrubu iliyojificha chini ya sanduku. Ukiikaza, mashine nzito. Ukiilegeza, nyepesi.

Waliojua siri ni sisi na Mama Zainabu. Na skrubu tukamkabidhi yeye.

Eee bwana wee! Mama yule alikuwa na akili ya kishetani. Kijana mwenye majigambo akishika mkono, mama anainama kama anaokota punje, krii, anakaza. Kijana anatoa macho. Akija mzee, analegeza, mzee anazungusha kama mchezo, watu wanapiga vigelegele. Pombe ikibaki nyingi anakaza, ikikaribia kuisha analegeza kazi iishe. Watu wakarudi wote, na wengine wapya.

Siku ya mtama wa kijiji Mwenyekiti akaja na majembe mawili begani. Kweli kabisa, aliyabeba.

"Nasikia imekuwa nzito tena," akasema. "Basi hamkutengeneza kitu."

Akawaambia vijana wake wanne wenye nguvu wazungushe. Mama Zainabu akainama. Vijana wakahangaika, pipa likasogea kidogo likagoma. Kaka Hamisi alikuwa ameshika ukuta.

Mwenyekiti akatema mate mikononi. "Pisheni." Akashika mkono peke yake.

Mama Zainabu akainama tena, safari hii akakawia kidogo huko chini.

Pipa lilizunguka kama pia ya watoto! Masuke yakatiwa, punje zikamwagika, wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Mwenyekiti hakutaka kuachia. Alizungusha mtama wa kijiji karibu wote yeye mwenyewe, jasho la furaha linamtiririka.

Alipomaliza akatangaza: "Hii mashine ni nzuri sana. Inahitaji tu mwanamume wa kweli. Hawa wabaki karakanani."

Kaka Hamisi hakushika jembe tena mpaka anaingia kaburini. Na yale majembe mawili Mwenyekiti aliwapa vijana wake wanne, wakalime, eti ni wazembe.

Funzo langu kwenu mafundi wa leo: kabla hujakata chuma, kaa na watu siku wanayofanya kazi hiyo, uone wanafurahia nini ndani yake. Ukiondoa furaha yao umeondoa wateja, hata kama mashine yako haina kasoro.

Haya, wenye ujuzi mje. Nani humu amewahi kuharibu kitu chake kwa makusudi ndipo kikapendwa? Na wale mliokuwa vijana wa Mwenyekiti, kama mpo hai, njooni mnitukane hapa hapa.