Dume la Kakese na Jina Langu

Nichekeni kwanza, halafu niwaeleze.

Mimi ndiye niliyetengeneza programu ya kijiji chetu hapa Kakese. Unaingiza namba ya hereni ya ng'ombe, inakupa jina la mwenye ng'ombe. Shida ni kwamba watu hawaandikishi mifugo! Kila ilipoingizwa namba isiyokuwemo, programu iligoma, na mimi ndiye niliyepigiwa simu. Nikachoka. Nikaiagiza: namba usipoiona, usigome, toa jina hili. Nikaweka langu, la kujaribia tu, nitalitoa kesho. Kesho gani? Miezi minne!

Jumanne, dume moja la ng'ombe likafyeka mahindi machanga ya Mama Shija, likakamatwa humo humo shambani. Kikao kikaitwa, na wafugaji wote wakalikana. Nikasimama kifua mbele.

"Nyie mnabishana nini? Mfumo haudanganyi! Atakayetajwa apande upya shamba lote kwa mkono wake, na asijitetee!"

Makofi yakapigwa. Kwa kupenda sifa, nikampa mwenyekiti simu asome mwenyewe. Akaingiza namba ya hereni ya dume lile, akanitazama. Kisha akasoma kwa sauti jina langu lote, mpaka la babu.

Mimi, nisiyefuga hata kuku!

Nikaanza kueleza habari za namba zisizokuwemo. Hakuna aliyesikiliza. Mama Shija akaja taratibu, akanikabidhi jembe.

"Shika, baba. Mfumo haudanganyi."