Goti la Namba Tisa

Goti langu la kulia liliumia Jumamosi, na kufikia Jumapili asubuhi nilikuwa nimeshalitafutia uongo. Nilipoingia kanisani nikichechemea, akina mama wa kwaya wakaniuliza kulikoni. Nikasema niliteleza kwenye ngazi za mteja wangu huko Harrow. Wakanipa pole. Mmoja akaniwekea mkono gotini na kuniombea papo hapo, na mimi nikaitikia amina bila haya.

Ukweli ni kwamba niliumia nikifunga bao. Nina miaka arobaini na mitatu na watoto watatu, na nacheza namba tisa katika timu ya wanawake waliovuka thelathini, kwenye kiwanja cha nyasi bandia nyuma ya magorofa yetu ya Tottenham, London. Nimeupenda mpira tangu utoto wangu Bukavu na sijawahi kuona kosa langu ni lipi. Lakini kanisa letu la Wakongo lina msimamo wake: mama wa kwaya hakimbii na kaputula mbele za watu. Anayekaidi anawekwa chini ya nidhamu. Anavuliwa sare ya kitenge, anakaa benchi la nyuma, haimbi na wenzake, mpaka siku atakaposimama mbele ya wote na kutubu. Nilipokuwa nasubiri makaratasi ya ukimbizi, sina kazi wala usingizi, ile kwaya ndiyo iliyonishika mkono. Kuikosa niliogopa kuliko kitu chochote, ndiyo maana nilidanganya. Na binti yangu, aliyekuwepo uwanjani, nilimwagiza aseme ngazi kama mimi.

Jumatatu nilikwenda kazini, kuhudumia wazee majumbani kwao. Mteja wangu ni bibi wa miaka tisini na kitu, na ofisi ilinipeleka kwake kwa sababu ya Kifaransa changu. Mama yake alikuwa Mfaransa, na sasa uzeeni kuna asubuhi Kiingereza kinamkimbia kabisa, anabaki na lugha ya mama. Namwita maman, kama tunavyomwita kwetu mwanamke yeyote wa heshima. Aliniona nachechemea na sinia la chai, akauliza nimefanya nini. Ulimi ulishazoea, nikamwambia nilianguka kwenye ngazi za nyumbani. Akacheka mpaka akakohoa.

"Ngazi," akasema. "Mama yangu naye alisema ngazi, miaka yote."

Akanituma kabatini nimletee albamu. Ndani kulikuwa na picha ya wasichana waliovaa kaputula pana na kofia za sufu, wamekunja mikono, wanamkodolea macho mpiga picha utadhani anawadai. Wa katikati, mfupi kuliko wote, ameukanyaga mpira. Huyo ndiye mama yake.

Kwa vipande vipande, huku nikimlisha uji, nikapata habari yake. Alikuwa fundi cherehani Paris. Vita vikuu vya kwanza vilipokwisha, wasichana wa viwandani na madukani walianzisha timu zao, naye akawa mshambuliaji wa kati. Jezi hazikuwa na namba siku hizo, lakini nafasi yake ni hii hii yangu. Alikuwa na mguu wa kushoto mkali, na mabeki warefu hawakumtisha. Wakapanda meli kuja Uingereza kucheza na wasichana wa huku, watu wakajaa uwanjani, na kesho yake magazeti yakaandika habari za nywele zake. Alikuwa amefunga mabao mawili. Bibi alilitamka neno nywele kwa chuki, karne nzima baadaye.

Kisha wakubwa wa mpira wa huku wakawafungia wanawake viwanja, wakidai mchezo ule haufai kwa mwili wa mwanamke. Ufaransa nako milango ikaanza kufungwa mmoja mmoja. Yeye hakuacha. Alicheza kwenye viwanja vya vumbi, mbele ya watazamaji wachache na wazomeaji wengi, mpaka goti likakatika. Akaolewa na Mwingereza, akahamia London, na kuanzia hapo kila aliyeuliza kwa nini anachechemea, awe mama mkwe, daktari au jirani, aliambiwa ngazi. Hata bintiye, yaani bibi huyu huyu, aliambiwa hivyo. Alikuja kuiona albamu hii baada ya mazishi, akisafisha nyumba.

"Nyumba yetu ilikuwa ya chini," bibi akaniambia. "Haikuwa na ngazi hata moja. Hakuna aliyemuuliza ni ngazi zipi."

Hasira zilinipanda pale pale. Niliwachukia wale wakubwa na magazeti yao, na nikamkasirikia hata yule mama mwenyewe, kwa sababu alipambana na mabeki na wazomeaji halafu akashindwa kumwambia mwanawe. Halafu nikamkumbuka binti yangu na maneno niliyomtia kinywani, nikaona aibu.

Jioni hiyo nilimpigia simu mke wa mchungaji nikamweleza yote mwenyewe. Hakunigombeza. Alikuwa na sauti ya huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

"Ile mupira uiache, mama," akasema. "Uko mama ya watoto. Simama Jumapili, utubu, na mambo inaisha."

Nikamwambia nitasimama.

Jumapili nilisimama mbele bila sare. Kwaya ilikuwa upande wangu wa kushoto, nafasi yangu imeachwa wazi.

"Nilisema ngazi, na ilikuwa uongo," nikawaambia. "Mukaniombea juu ya uongo. Nikamufundisha mutoto wangu naye aseme vile. Kwa ile ninaomba munisamehe."

Mchungaji akaniuliza kwa upole kama sina jambo lingine la kutubu.

"Kama ni mupira, hapana," nikasema. "Nitaicheza Jumamosi goti ikipona."

Akasema toba yangu haijakamilika. Basi nikashuka, nikatembea katikati ya viti mpaka benchi la nyuma, polepole, nikichechemea kadiri goti lilivyotaka, na wote wakatazama.

Niko huko nyuma mpaka leo. Kwaya ikianza huwa ninalia, na wala sisingizii mafua. Goti lilichukua wiki nyingi na halijanyooka sawasawa, lakini Jumamosi nipo uwanjani, namba tisa, na mtu akiniuliza kwa nini nachechemea, ninamweleza bao lenyewe lilivyoingia.