Leso Niliyoifua

Katika Migori yote niliyoijua, miaka ile ya tisini, sikumpata mtu aliyewahi kupanda ndege na mtoto mchanga. Nilimuuliza muuguzi wa kliniki, akacheka. Nilimuuliza mwenye duka Mwislamu aliyewahi kwenda Hija, akaniambia angani yeye alisali tu na kulala. Kulala! Mwanangu wa miezi minane hakuwahi kulala mchana mikononi mwangu hata siku moja.

Aliyemlaza ni mama mkwe wangu, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Homa Bay, aliyehamia kwetu nilipojifungua ili nirudi kufundisha. Alimfunga mgongoni kwa leso yake kuukuu, akazunguka nyumba mara mbili, mtoto kimya. Sasa baba mtoto, aliyekuwa akisoma Kanada, alikuwa ametutumia tikiti. Ndege mbili, kila moja saa nane na zaidi, na mimi peke yangu.

Nikaamua tufanye mazoezi. Nilisogeza kiti ukutani, nikajifunga mshipi wa mume wangu, nikampakata mtoto, chupa kulia, napi kushoto. Mama mkwe nilimkataza kutugusa. Nusu saa haikuisha. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, huku akimnyooshea nyanya yake mikono, na mimi nikaanza kulia pia. Mama mkwe akamchukua.

"Hapa bado ni Migori," akasema. "Huko juu utampea nani?"



Mimi ni Mkuria na yeye Mjaluo, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, naye hakukipamba. Siku tatu kabla ya safari, aliitwa kisiwani Mfangano kwenye matanga ya dada yake. Alivua leso ile mabegani, akaiweka juu ya sanduku langu.

"Nyathina, mwanangu, beba hii. Mtoto akilia sana, mfunike nayo."

Ilinuka omena, moshi na jasho. Nikawawazia Wazungu wakiziba pua ndani ya ndege, nami nikaona aibu, nasema kweli. Alipoondoka tu nikaifua kwa sabuni ya unga mara tatu, nikaipiga pasi ya makaa, nikaikunja. Nilijiona mtu wa mipango.

Kesho yake mtoto alipolia, nilimfunika nayo. Aliivuta puani, akaigeuza, akainusa tena, kisha akaitupa chini na kulia zaidi. Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimepewa. Mama mkwe alikuwa kisiwani, kusiko na simu ya kumpigia, nasi tulikuwa tunaondoka kesho kutwa.

Nilikimbia sokoni nikanunua omena. Niliwasha kuni, nikaitandaza leso juu ya moshi, nikaviringisha omena ndani yake, nikaiacha hivyo mpaka jioni. Majirani walidhani nimerukwa na akili.

Leso ikanuka omena. Ikanuka moshi. Nilimfunika mtoto. Akainusa kwa makini, akainua kichwa, akatazama mlangoni, kama anayemngoja nyanya yake.