Freni ya Papa Paluku

Mwajuma alipoingia depo mara ya kwanza, Paluku, mwenye duka hilo la jumla, alimpima kama anavyopima gunia la unga: kwa jicho kwanza, mkono baadaye. Mafundi aliowazoea walikuja na mikoba mikubwa. Huyu, binti wa Wamaniema wa mtaa wa Makomeno, aliyefundisha ukarani asubuhi na kuponya kompyuta za maduka mchana, alikuja na simu na miwani tu.

"Mashini iko na ugonjwa gani, papa?"

Paluku hakutaka kueleza sana, maana anayeeleza sana anajipandishia bei. Lakini ugonjwa ulikuwa unamla. Mwaka ule franga ilikuwa inaporomoka. Bidhaa alizinunua kwa dola ng'ambo ya mpaka, akaziuza kwa franga, na kila dola ilipopanda ilibidi bei zote za depo zibadilike. Mpwa wake Gradi, kabla ya kuhamia Kinshasa, alimtengenezea makro: unaandika bei ya dola, unabonyeza, nayo inapita kila mstari wa faili ya Excel na kuandika bei mpya. Zamani ilimaliza kabla chai haijapoa. Sasa chai ilipoa, ikanywewa, kikombe kikaoshwa, na mashini ingali kwenye sabuni, haijafika mafuta.

Wanunuzi walishajua. Kasonde, mchuuzi wa Kasungami na mteja wake mkubwa kuliko wote, alikuwa akishinda nje kwa Adalbert mbadilisha pesa, wakipiga soga. Adalbert akifuta tu ubao wake wa bei ya dola, Kasonde yuko ndani, anaitisha bidoni, madumu ya mafuta ya kupikia, kwa bei ya zamani, kwa kuwa mpya iko bado njiani. Paluku hakuweza kumkatalia. Yeye mwenyewe alitangaza kwamba bei ya depo ni ile inayoonekana kwenye mashini. Hivyo aliuza mafuta kwa pesa isiyotosha kuyanunua tena. Ikiendelea hivyo, depo ingebaki kuta.

Wakapatana malipo. Mwajuma akataja dola. Paluku akasema dola siku hizi ni mvua ya mwezi wa saba, haionekani, akataja franga. Mwajuma akacheka: franga za asubuhi, jioni ni karatasi ya kufungia karanga. Mwishowe wakakubaliana bidoni tatu za mafuta, kazi ikiisha. Kwa bei ya asubuhi ile zililingana na franga alizotaka kutoa, na Paluku akaona hakupoteza kitu.

Mwajuma akabonyeza, akakaa kuangalia. Paluku hakuweza kukaa. Alienda mlangoni kuchungulia ubao wa Adalbert, akarudi, akaenda tena. Kwenye skrini mistari iliwaka njano mmoja mmoja, ikatulia, ikazimika. Mwajuma akaifungua makro na kuisoma, kidole kikishuka. Akaeleza kwamba kila bei moja ikiandikwa, faili nzima inajihesabu upya, kama mtu anayehesabu depo yote kila akiuza kipande cha sabuni. Hilo angelizima, hesabu ifanyike mara moja mwishoni. Lakini kulikuwa na la pili.

"Hapa mutoto aliandika: kila mustari, simama kidogo, waka, njo upite. Nani alimutuma?"

Paluku akatazama mlangoni. Aliyemtuma alikuwa ni yeye mwenyewe. Gradi alipoleta makro ya kwanza, bei zote zilibadilika kwa kupepesa jicho, naye akaikataa. Toka alipoanzia Butembo alifanya biashara kwa kanuni moja: kisichopita mbele ya macho yako, kimeshaibwa. Akataka kila bei isimame aione. Wakati ule bidhaa zake zilijaa rafu moja; sasa zilikuwa mamia.

Akajaribu bahati.

"Kama kosa ni yangu, kazi yako imepunguka. Bidoni mbili."

"Papa, ukipeleka gari yenye umevuta freni ya mukono, mécanicien anakupunguzia bei? Weye ulivuta, mie minaachilia. Tatu."

Akaiachilia. Na kwa kuwa mzee alisisitiza kuona, akamwekea bei ya zamani pembeni ya mpya, asome akishatulia.

Mwajuma hajavua miwani, Adalbert akafuta ubao. Kasonde tayari yuko mlangoni. Paluku akaandika bei ya dola, akabonyeza. Skrini ikanyamaza kidogo tu, bei zote zikawa zimekaa. Hakuona hata moja ikipita, lakini karani wake Précieuse alishamsomea Kasonde bei ya mafuta.

Kasonde akaitazama mashini.

"Papa, si jana ilikuwa mugonjwa?"

"Imepona."

Akatoka mikono mitupu, na toka siku ile akanunua kwa jirani, ambako bei zingali zinaandikwa kwa chaki. Paluku alibaki na mafuta yake, bila mteja wake mkubwa.

Mwajuma alikuwa ameshaita mwenye baiskeli na kumwonyesha bidoni tatu. Paluku akasoma mstari wa mafuta, bei ya zamani na mpya pamoja. Kwa bei mpya, kile kilichokuwa kimefungwa kwenye ile baiskeli kilizidi mbali franga alizotaka kumpa asubuhi. Akatoka mlangoni, akamtazama Adalbert, akarudi kusoma tena. Bei mpya ilikuwa ni ile ile.