Verna Kaczmarek na jua la kusini mwa Mwezi

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Verna Kaczmarek anavua koti, analitundika nyuma ya kiti, anafuta kioo cha kompyuta kwa kitambaa cha miwani, na Mwezi unawaka mbele yake. Si Mwezi mzima. Ni kipande cha ncha ya kusini, kijivu kama jivu la jana, na juu yake chombo kidogo chenye bawa moja la kunasia jua kinapita polepole.

"Chombo hiki hakuna aliyewahi kukiona kikiwa huko," anasema. "Ndani hamna mtu, na nje hakuna wa kukipiga picha. Kinachotufikia ni tarakimu tu. Macho ni mimi."

Ana miaka sitini na mmoja. Kwa miaka kumi na tisa, katika jengo la matofali mjini Greenbelt, Maryland, amekuwa akigeuza tarakimu hizo kuwa filamu. Chombo hurusha mwali wa leza chini; mwali ukirudi, kimo cha ardhi kinajulikana. Verna huvifuma vimo hivyo, mamilioni kwa mamilioni, hadi mlima uwe mlima na shimo liwe shimo.

Zimebaki siku kumi na moja, kisha kazi hiyo si yake tena.

Kilichomtoa ni filamu moja. Ofisi ilileta programu mpya inayotengeneza filamu yenyewe, kwa saa moja tu. Ikaamuliwa Verna na programu wapewe kazi ile ile: waoneshe chombo kikipita juu ya ncha ya kusini, siku iliyotajwa. Itakayoeleweka zaidi, mwenyewe abaki.

Verna alitumia wiki tatu. Alikokotoa jua lilikuwa wapi siku hiyo, maana kule kusini jua halipandi utosini, linatambaa ukingoni mwezi mzima. Akakuta lilikuwa upande wa chini wa picha. Akaliweka chini, kama lilivyokuwa.

Sasa, idara yao ina desturi. Filamu mpya huoneshwa watu sita wa idara nyingine, na aliyeitengeneza hafungui mdomo mpaka wao waseme wameona nini.

"Lo, vilima hivyo!" alisema wa kwanza, fundi wa betri.

"Kama vikeki kwenye trei," akadakia wa pili.

Yalikuwa mashimo.

Jicho la binadamu limezoea mwanga utokao juu. Ukitokea chini, shimo hufura likaonekana kilima. Kila mtu wa kazi hii analijua jambo hilo, na Verna alilijua, ila alidhani vivuli virefu vingemtetea.

"Niliuma ulimi nikaonja damu," anasema.

Programu ilikuwa imeliweka jua juu, kushoto, mahali ambapo siku ile halikuwepo kabisa. Watu wote sita waliona mashimo. Walipiga makofi.

Anayeiendesha programu ni Duane Eckhart, jirani yake wa meza, mwenye masikio makubwa na moyo mwema.

"Mama Mwezi, usinichukie," alimwambia siku ile. "Mimi nabonyeza kitufe tu."

"Sikuchukii, mpenzi. Lakini jua lako la uongo."

"La uongo, ila wameona mashimo. La kwako la kweli, wameona vikeki."

Kesho yake, Ijumaa, Verna akaletewa barua ya kuachishwa kazi.

Baba yake naye alitolewa kazini hivyo, kwenye kiwanda cha chuma kule Baltimore. Alikaa jikoni na redio hadi alipokufa. "Niliapa nitashika kazi isiyo na moshi, isiyofungwa," Verna anasema, akisugua goti la kulia. Goti hilo linangoja upasuaji. Analipwa dola thelathini na nane kwa saa, na bima yake ya matibabu inakoma siku anayotoka. Ile ya serikali, ya wazee, ataipata baada ya miaka minne.

Lakini kinachomla si goti.

Jumapili alikwenda kwa dada yake, Bernadette. Meza ilitandikwa magazeti, kaa wakamwagwa katikati, wekundu kwa viungo, na nyundo ndogo za mbao za kuvunjia magamba pembeni. Verna alimshika kaa wake akabaki kumkodolea macho.

"Wewe, unataka kumuoa?" Bernadette akamtania. "Mgeuze! Kaa hafunguliwi kwa mgongo."

Verna akamgeuza kaa tumbo juu. Mkono ukasimama hapo hapo.

Ofisini kwao, ramani ya kusini huwekwa siku zote upande unaoelekea Dunia ukiwa juu. Haikuandikwa popote kuwa sheria, na hakuna aliyewahi kuigeuza.

"Ningeigeuza tu picha," anasema. "Jua lingekuja juu, lile lile la kweli, na shimo lingekuwa shimo. Miaka kumi na tisa, mpenzi, sikuwaza hata mara moja." Verna hakumla yule kaa.

Jumatatu alimwahi mkuu wa idara, Curtis Lonergan, mlangoni.

"Wazo zuri sana, Verna," Curtis alisema baada ya kumsikiliza.

"Basi ionesheni tena."

"Mkataba wa programu umeshasainiwa. Ungeniambia Ijumaa."

"Ijumaa nilikuwa sijamgeuza kaa."

Curtis alicheka. Verna hakucheka. Mkuu akamwomba, kwa upole, asitumie kompyuta kubwa kwa filamu isiyoagizwa.

Hiyo ndiyo anayoitengeneza asubuhi ya leo. Kwenye rasimu, upande wa Dunia uko chini, jua juu, na mashimo yamezama kama visima.

"Wakikukamata?" Duane anamnong'oneza.

"Watanifanya nini, mpenzi? Watanifukuza?"

Duane anatazama viatu vyake.

Kompyuta zinahitaji siku tisa kuimaliza. Haitaoneshwa kwa mtu yeyote. Verna ameuliza mara mbili, na mara mbili ameambiwa hapana. Anataka tu iishe kabla hajarudisha kadi ya mlangoni. Zikikwama siku tatu, haitaisha.

Anavaa miwani, anabonyeza, na anasubiri picha ya kwanza iliyokamilika.