Hirizi Niliyoichoma Kambini Pito

Jamani, kiherehere kiliniponza. Miaka ile redio za kaseti na nguo za mitumba zilipoanza kujaa Sumbawanga, kanisa letu liliweka kambi ya vijana pale Pito, nami, mama mlezi wao, nikapewa kazi ya kukagua mizigo ya wasichana. Nilijiona askari wa mbinguni!

Chini ya godoro la Tumaini, binti mpole kutoka Kipili, nikakuta kitambaa chakavu kilichofungwa fundo. Sikumuuliza chochote. Nikapaza sauti, "Hirizi!" Nikaita kambi nzima jikoni, nikakemea mapepo mpaka koo likakauka, kisha nikakitupa motoni, chini ya sufuria la maharage. Vijana wakashangilia haleluya. Tumaini alikuwa anautazama moto tu.

"Sasa uko huru, mwanangu," nikamwambia. "Hebu waambie wenzako, mle ndani kulikuwa na nini?"

"Hamna kitu, Mama Mlezi," akajibu taratibu. "Ni kipande cha kitenge cha mama. Tulimzika mwezi uliopita. Kilikuwa bado kina harufu yake, basi nilikuwa nakinusa ili nipate usingizi."